Meza na Kiganja: Historia ya Vyombo vya Mawasiliano Wilayani Kilosa

Neno simu, ambalo leo kwa mkazi wa Kilosa humaanisha kifaa kinachokaa kiganjani, lina asili ya Kiajemi na maana yake ya kwanza ni waya. Katika Kiswahili lilitumika kwanza kwa telegrafu, yaani chombo cha kupeleka ujumbe wa maandishi kwa mapigo ya umeme, kabla ya kuhamia kwenye chombo cha kusemea, na hatimaye likabaki kwa kifaa ambacho sifa yake kuu ni kutokuwa na waya wowote. Historia hiyo fupi ya neno moja inafaa kutangulizwa mbele ya swali linaloulizwa mara kwa mara, iwapo vifaa vya mkononi vitaiondoa kompyuta ya mezani, kwa sababu inaonyesha kuwa vyombo vya mawasiliano havifi kwa utaratibu mmoja: kimoja hutoweka na kuacha jina, kingine hubaki na kubadilishiwa kazi, na kingine hakijawahi kufika mahali fulani kwa wingi wa kutosha hata isemwe kwamba kimeondolewa.

Kilosa ni mji wa wilaya katika mkoa wa Morogoro, uliokaa chini ya milima ya Usagara mahali ambapo mto Mkondoa hutoka milimani na kuingia tambarare. Njia ya bonde la mto huo ilitumiwa na misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Ugogo na Unyamwezi, na Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, iliufuata mkondo huohuo. Reli haikuja peke yake. Kando yake zilisimama nguzo za waya, na kila stesheni ilikuwa na meza yenye chombo cha mawasiliano, kwa kuwa kwenye njia moja inayotumiwa na treni za pande zote mbili hakuna treni iwezayo kuondoka kabla ya stesheni ya mbele kukiri kwamba njia iko wazi. Stesheni masta, yaani mkuu wa kituo cha reli, hakuweza kuiacha meza ile treni ikiwa njiani, na kwa maana hiyo chombo cha mezani kilimfunga mtu mahali pamoja kwa sababu ya usalama, si kwa sababu ya uzito wake tu.

Meza ya pili ya mji ilikuwa bomani, ambako serikali ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza iliendesha kodi, kesi na vibali kwa karatasi, na juu yake, pamoja na wino na mihuri, ilikuja kukaa tapureta, mashine ya kupigia chapa ambayo kila herufi yake hugonga utepe wenye wino. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa nayo yalikuwa na ofisi zilizoweka hesabu za vibarua na za marobota, na makarani wake walijua kutengeneza nakala kwa karatasi ya kaboni au kwa kudurufu, yaani kuchapa nakala nyingi kutoka kwenye karatasi moja iliyotobolewa na herufi. Ni muhimu kuutambua uzito wa tapureta katika jamii ambayo wengi wa watu wake hawakuwa na hata kalamu: barua iliyopigwa chapa ilipokewa kwa heshima ambayo barua ya mkono haikuipata, na aliyehitaji barua ya namna hiyo ilimbidi amtafute mwenye mashine na kumlipa. Desturi hiyo ya kumwendea mtu wa mezani ili maneno yako yapate sura rasmi itaonekana tena mbele katika maelezo haya, ikiwa imevaa nguo nyingine.

Kompyuta ilichelewa, na kuchelewa huko kulikuwa na sababu za kisiasa pamoja na za kiuchumi. Wizara ya Fedha iliweka kompyuta ya kwanza nchini katikati ya miaka ya 1960, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo, baada ya uzoefu ulioonyesha kwamba mashine hizo zilikula fedha za kigeni bila kuleta hesabu zilizotarajiwa, na masharti hayo hayakuanza kulegezwa hadi miaka ya 1980. Kompyuta binafsi, iliyosambaa duniani baada ya kampuni ya IBM kutoa yake mwaka 1981, ilikuta mlango wa Tanzania ukiwa umefunguliwa nusu tu. Hata ulipofunguka wote, mji wa wilaya ulipata mashine chache zilizowekwa katika ofisi za halmashauri, hospitali, mashamba makubwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, mara nyingi zikiwa zimefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono ili kuzikinga na vumbi, ishara ya thamani yake na pia ya muda mrefu zilizokaa bila kuwashwa.

Kizuizi kikubwa zaidi kilikuwa umeme. Bwawa la Kidatu kwenye mto Ruaha Mkuu, kusini mwa Mikumi, lilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na nyaya zake za msongo mkubwa zilielekea Morogoro na Dar es Salaam zikipita juu ya vijiji ambavyo usiku viliendelea kuwasha vibatari; Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulikuja miaka 30 baadaye. Kompyuta ya mezani haina akiba yake yenyewe ya umeme, ila hutegemea waya ukutani saa zote za kazi, wakati simu ya mkononi yaweza kuchajiwa mara moja kwa siku kadhaa, kwa betri ya gari, kwa paneli ya jua, au katika kibanda cha sokoni ambako mwenye kibanda hupanga simu za watu mezani, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe. Anayetafuta sababu ya simu kukitangulia chombo kingine chochote cha kidijitali kufika kata za wilaya hiyo kama Msowero au Ulaya na aanzie kwenye waya huo.

Simu ya mezani, yaani ya waya, ndiyo iliyoondolewa kikamilifu. Mwaka 2000 nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni 30, ilikuwa na laini za mezani zisizofika 200,000, na katika mji kama Kilosa aliyetaka kusema na ndugu yake wa Dar es Salaam alikwenda posta, akasubiri zamu, akasema haraka. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi, Mobitel, ilianza kazi mwaka 1994 kwa bei ambazo watu wa kawaida hawakuziweza. Vodacom ilifuata mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, na ndani ya muda huohuo idadi ya simu za mkononi nchini ikaipita ile ya simu za waya. Vocha za kukwangua za thamani ndogo, pamoja na simu ngumu zenye tochi zilizokuja kuitwa vitochi, zilikamilisha kazi hiyo, na hata asiye na salio alipata namna ya kusema kwa kubipu, yaani kupiga na kukata kabla simu haijapokelewa, ili mwenye uwezo apige yeye. Ushindi ulikuwa kamili kwa sababu kazi ya simu ya mezani ilikuwa moja tu, kubeba sauti, nayo yote iliwezekana kuhamia mkononi bila kubakiza kitu mezani.

Jaribio la kuipeleka kompyuta kwa umma lilifanyika katika miaka hiyohiyo kwa njia ya telesenta, yaani kituo cha jamii chenye kompyuta, intaneti, simu na mashine ya kopi, ambacho watu hukitumia kwa pamoja kwa malipo madogo. Sengerema, mkoani Mwanza, ilipata kituo cha mfano mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Kilosa nayo ikapata chake kilichojulikana kwa kifupi cha KIRSEC. Wazo lilikuwa zuri na mantiki yake ilieleweka: ikiwa kaya haiwezi kununua kompyuta, mji mzima waweza kununua chache. Lakini telesenta zilijengwa juu ya dhana kwamba mkulima ataifuata habari ilipo, ilhali katika muda ambao vituo hivyo vilikuwa vikitafuta wafadhili na kulipia intaneti ya gharama, simu ilikuwa ikimfuata mkulima shambani. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na nyaya za baharini za Seacom na EASSy zilipofika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010 na kushusha gharama ya intaneti, hoja ya kituo cha pamoja ilipungua nguvu bila mtu yeyote kuipinga.

Mikumi, mji mwingine wa wilaya ya Kilosa, inaonyesha sura nyingine ya mabadiliko hayo. Mji huo umekaa kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, jirani na hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1964, mahali ambapo barabara za Kilosa na Ifakara huungana na barabara kuu. Wateja wake ni watu wapitao: madereva wa malori yaendayo Tunduma, abiria wa mabasi, watalii, wafanyabiashara wa mchele na sukari wanaotoka bonde la Kilombero. Kwa watu wa namna hiyo kompyuta ya mezani ni chombo kisicho na maana, na wakala wa fedha aliyekaa chini ya mwavuli wenye rangi za kampuni ya simu, mwenye simu mbili na daftari la mistari, alichukua kazi ambayo katika historia ya nchi nyingine ilifanywa na tawi la benki lenye kompyuta kwenye kaunta nzima. Daftari hilo halipaswi kupuuzwa: ingawa kila muamala umo ndani ya mfumo, wakala bado huuandika kwa kalamu.

Takwimu za dunia zilionyesha mwaka 2016, mwezi Oktoba, kwamba kwa mara ya kwanza kurasa za mtandao zilifunguliwa zaidi kwa simu na vishikwambi, yaani kompyuta bapa za kushikwa mkononi, kuliko kwa kompyuta, na habari hiyo ilipokelewa Ulaya na Marekani kama kupinduka kwa utaratibu wa kale. Kilosa hapakuwa na cha kupinduliwa. Kwa walio wengi simu janja, yaani simu yenye intaneti na programu, ilikuwa kompyuta ya kwanza maishani, na kusema imechukua nafasi ya kompyuta ya mezani ni sawa na kusema bodaboda imechukua nafasi ya gari la familia ambalo familia haikuwa nalo.

Mahali panapofaa zaidi kuuangalia uhusiano wa vifaa hivi viwili ni katika steshenari, yaani duka la vifaa vya kuandikia linalotoa pia huduma za kuchapa, kutoa kopi na kujaza fomu za mtandaoni, ambalo katika miji ya wilaya hukaa karibu na stendi au ofisi za serikali. Ndani yake huwa na meza, kompyuta ambayo herufi A na I za kibao chake zimefutika kwa kuguswa, betri ya dharura inayolia umeme ukikatika, na ukutani kitambaa cha buluu cha kupigia picha za pasipoti. Mteja huingia na simu ambayo mara nyingi ni mpya kuliko kompyuta ya duka. Barua ya maombi ya kazi ameiandika kwa kidole gumba usiku uliopita; anaituma kwa WhatsApp kwenye namba ya duka, mchapaji anaifungua mezani, ananyoosha pambizo na kuondoa nafasi zilizozidi, kisha anaitoa karatasini; mteja anatia saini kwa kalamu, karatasi inapigwa skani, na faili linarudi kwenye simu ileile ili lipandishwe katika mfumo wa maombi ya ajira. Katikati ya mwaka foleni hurefuka, kwa maana fomu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hujazwa mtandaoni lakini hutakiwa kuchapwa, kusainiwa na mwombaji na mdhamini wake, kupitishwa kwa kiongozi wa kijiji au mtaa na kwa kamishna wa viapo ili ipigwe mihuri, ndipo irudi mtandaoni. Mchapaji wa steshenari ni mrithi wa mpiga tapureta, na kinachomweka kazini ni mhuri kuliko mashine.

Serikali yenyewe imeutumia mkono pale kazi ilipotaka kutembea. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, ambavyo baadaye viligawiwa walimu, na ushuru wa mazao hukusanywa kwa mashine ndogo za mkononi, ziitwazo POS, ambazo hutoa risiti papo hapo kwenye kizuizi cha barabarani. Hata hivyo mashine hizo hukusanya tu. Kujumlisha, kulinganisha kata na kata na kuandaa taarifa ya robo mwaka hufanyika makao makuu ya halmashauri, mbele ya kioo kipana ambapo safu nyingi za tarakimu huonekana kwa pamoja.

Reli nayo imebadilika: mafuriko ya Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu vibaya reli ya zamani kati ya Kilosa na stesheni ya Gulwe, na sehemu ya njia ya reli mpya ya kisasa ikapitishwa katika mahandaki ndani ya milima ya Usagara. Treni zake zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai ya mwaka huo. Abiria wa Kilosa aweza kununua tiketi kwa simu na kuionyesha langoni bila kushika karatasi. Hata hivyo treni anayoipanda huongozwa na mtu aliyeketi katika chumba cha udhibiti mbele ya safu ya vioo, ambaye, kama stesheni masta wa mwaka 1914, haruhusiwi kuiacha meza yake treni ikiwa njiani.