Mbeleko na Gurudumu: Historia ya Kubeba Watoto katika Pwani ya Mtwara na Mlango wa Ruvuma

Katika ukanda wa pwani unaoanza Mikindani, ukapita Mtwara mjini na rasi ya Msangamkuu, ukaishia Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, mtoto mchanga amekuwa akisafirishwa kwa nguo tangu kale, na kigari cha mtoto, yaani kiti chenye magurudumu ambacho mzazi hukisukuma huku akitembea, ni mgeni wa juzi. Ugeni huo umezoeleka kuelezwa kwa umaskini, maelezo mepesi yasiyotosha, kwa kuwa hata tajiri wa Mikindani wa karne ya 19, mwenye majahazi baharini na pembe za ndovu ghalani, hakuwa na gari la aina yoyote. Walioamua ni ardhi, mdudu na barabara. Mdudu ameondoka katika hesabu, lakini wawili waliobaki ndio wanaopaswa kumwongoza mzazi wa leo anayefikiria kununua kigari cha magurudumu matatu.

Mbeleko ni nguo ya kumfungia mtoto mgongoni. Mama huinama mpaka mgongo wake ukakaribia kulala, humpandisha mtoto, humtanua miguu ili imkumbatie kiunoni, kisha hutupa upande mmoja wa kanga juu yake na kuupenyeza ukingo wa chini chini ya makalio ya mtoto ili apate pa kukalia, ndipo huvuta pembe mbili mbele na kufunga fundo juu ya matiti, au huipitisha pembe moja begani na nyingine kwapani. Fundo hukazwa tena baada ya hatua chache za mwanzo, kwa sababu pamba hulegea kidogo ikipata uzito. Mtoto ambaye hajatimiza siku 40 habebwi hivyo: hukaa ndani na mama yake mpaka arobaini itoke, na hata baada ya hapo husubiriwa mpaka shingo ikaze.

Nguo yenyewe ina historia ndefu kuliko kanga. Wareno walipofika pwani hii katika karne ya 16 walikuta visiwa vya Kerimba, vilivyo kusini kidogo ya mlango wa Ruvuma, vikisifika kwa nguo iliyoitwa milwani, iliyotiwa rangi ya nili, kiasi kwamba visiwa vyenyewe walivitaja kwa jina la nguo hiyo. Katika karne ya 19 soko lilitekwa na merikani, yaani pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, pamoja na kaniki, nguo ya rangi ya nili iliyotoka India, na zote mbili zilitumika kama fedha katika misafara iliyokwenda bara. Kanga ilifuata mwishoni mwa karne hiyo, ikiuzwa kwa doti, yaani pande mbili zilizochapwa pamoja, na ni desturi hiyo ya kuuzwa mbili mbili iliyompa mama nguo ya kujifunga na nguo ya kumfunga mwanawe kwa ununuzi mmoja. Baada ya uhuru kanga zilianza kuchapwa nchini, na kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, kilipeleka kanga zake katika makabati mengi ya kusini. Heshima ya nguo hii katika jamii inaonekana katika mila ya ndoa ya Waswahili, ambamo miongoni mwa ada alizotakiwa kutoa bwana arusi ilikuwamo zawadi ya mbeleko kwa mama wa bibi arusi, fidia ya mgongo uliombeba binti huyo.

Nguo ilidumu kwa sababu ilikubaliana na kazi. Katika maji ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hutoka mbali kuliko kawaida kila nusu ya mwezi, wanawake wa Msimbati na Msangamkuu hushuka mwambani kutafuta pweza na kombe, wakiwa na kijiti mkononi na ndoo, na mtoto ambaye hakupata wa kumwangalia nyumbani huwa mgongoni. Katika bonde la Ruvuma hali ni hiyo hiyo kwenye majaruba ya mpunga. Juu ya uwanda wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, ambako udongo hunyonya mvua yote na chemchemi hupatikana chini bondeni tu, mwanamke aliteremka na mtungi mtupu na kupanda na mtungi uliojaa kichwani, mtoto akiwa mgongoni, mpaka mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kusukuma maji juu kwa mashine katika miaka ya 1950. Hakuna kigari, hata kiwe na magurudumu mangapi, ambacho kingepanda mteremko ule.

Na kuna safari ambazo hazikuchaguliwa. Baada ya mauaji ya Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, ya tarehe 16 Juni 1960, na zaidi baada ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kuanza vita dhidi ya Wareno Septemba 1964, maelfu ya watu wa mkoa wa Cabo Delgado walivuka Ruvuma kuingia Tanganyika, na waliofuata waliingia Tanzania. Mto ulivukwa kwa mitumbwi, na wakati wa kiangazi, maji yanapopungua na mchanga kujitokeza katikati, ulivukwa pia kwa miguu. Mvuko wa namna hiyo ulirudi baada ya mji wa Palma, Cabo Delgado, kushambuliwa Machi 2021. Mama anayeshika mkono wa mtoto mkubwa, mwenye mzigo kichwani na maji magotini, anahitaji mikono yake yote, na ni mbeleko pekee inayomwachia.

Kuhusu gurudumu, kusini hakukuwa na mnyama wa kulivuta. Mbung'o, nzi anayeeneza ugonjwa wa nagana kwa mifugo, aliyatawala mapori yaliyo nyuma ya pwani, na jaribio maarufu la kupitisha wanyama humo lilifanyika hapa hapa. David Livingstone aliposhuka Mikindani Machi 1866 alikuja na ngamia 6, nyati wa kufugwa wa India 3 na ndama mmoja, nyumbu 2 na punda 4, akikusudia, pamoja na mengine, kuona kama wanyama hao wangestahimili mbung'o kandokando ya Ruvuma. Waliumwa na nzi, waliteswa na kuelemezwa mizigo na walinzi wao, wakafa mmoja baada ya mwingine, kiasi kwamba haikujulikana vizuri kama aliyewaua ni nzi au ni binadamu. Njia ziliendelea kuwa nyembamba, za mtu kufuatana na mtu, na aliyetaka kubebwa alibebwa kwa machela, kitanda cha nguo kilichoning'inizwa kwenye mti mrefu na kuchukuliwa mabegani mwa wapagazi. Kwa hiyo hata mkubwa wa serikali ya Wajerumani, aliyekuwa na boma lake Mikindani tangu 1895, alisafiri kwa namna isiyotofautiana sana na ya mtoto wa mkulima.

Mji wa Mtwara ulizaliwa kwa ajili ya gurudumu. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili, ilitaka bandari ya kina kirefu na reli ya kutoka Nachingwea. Mpango ulivunjwa 1951, bandari ikakamilika baada ya karanga kushindwa, na reli ikafungwa 1962, kisha vyuma vyake vikang'olewa. Kilichobaki ni mji uliopimwa kwa matumaini makubwa, wenye barabara pana kupita mahitaji yake na nafasi tupu kati ya mitaa. Shangani, mtaa uliotengwa kwa Wazungu kando ya bahari, ulikuwa sehemu ya mji iliyofaa kigari, na katika nyumba za namna hiyo kote Afrika Mashariki kukisukuma ilikuwa kazi ya yaya, mwanamke ambaye huenda mtoto wake mwenyewe alikuwa mgongoni mwa bibi yake kijijini.

Kigari chenyewe kilianza kama mchezo wa makabaila. Mwaka 1733 William Kent alimtengenezea Duke wa Devonshire, huko Uingereza, kigari cha watoto kilichokusudiwa kuvutwa na mnyama mdogo. Vigari vya kusukuma vilivyoenea London katika miaka ya 1850 vilikuwa aghalabu vya magurudumu matatu. Na mwaka 1965 Owen Maclaren, mhandisi wa ndege, alibuni kile chepesi cha alumini kinachokunjika kama mwavuli. Magurudumu matatu yalirudi 1984, pale Phil Baechler, mwandishi wa habari wa mji wa Yakima nchini Marekani, alipofunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari ili akimbie mazoezi pamoja na mwanawe.

Ubora wa umbo hilo unatokana na gurudumu moja la mbele. Kigari cha magurudumu manne madogo kikiingia kwenye udongo usio sawa, gurudumu moja la mbele huzama na jingine hubaki juu, na kiti hupinda. Chenye gurudumu moja mbele hupita, na msukumaji akikandamiza mpini kidogo huliinua na kulivusha jiwe au mzizi. Gharama yake ni wepesi wa kupinduka ubavuni kinapokatishwa kona kwa kasi. Vilivyo vizuri vina magurudumu ya inchi 12 hadi 16 yenye tyubu za upepo, breki inayoshika magurudumu ya nyuma, mikanda mitano ya kumfunga mtoto mabegani, kiunoni na katikati ya mapaja, na ugwe wa kufunga kwenye mkono wa mzazi ili kigari kisiteleze peke yake. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapaswi kukimbizwa ndani yake, na kiti kisicholala sawasawa hakimfai mchanga.

Katika Mtwara sifa hizo hupimwa upya. Tyubu ni faida, kwa sababu fundi baiskeli wa mtaa wowote huziba pancha kwa kiraka na sulesheni bila kusubiri kipuri kutoka ng'ambo. Fremu ya chuma, kwa upande mwingine, huliwa na kutu ya hewa ya chumvi, na alumini huvumilia zaidi. Kwenye lami ya mjini na udongo mwekundu ulioshikana, kigari cha namna hiyo hupita vizuri; kwenye mchanga mlaini wa Msimbati, ambako hata magari ya injini hukwama, gurudumu la mbele hujichimbia kila kinaposukumwa, na hapo njia pekee ni kukigeuza na kukivuta kinyumenyume, kazi inayomchosha mtu kuliko kumbeba mtoto.

Wakati huo huo chombo cha magurudumu matatu kilichobadilisha kweli safari za watoto wa kusini ni bajaji. Ilitokana na Ape ya kampuni ya Piaggio ya Italia, iliyoanza kutengenezwa 1948, ikaendelezwa India na kampuni ya Bajaj iliyoipa jina lake la Kiswahili, na nchini Tanzania ikatambuliwa katika kanuni za 2010 za usafiri wa pikipiki na magurudumu matatu wa kukodi. Mama anayekwenda kliniki katika mtaa wa Ligula, mjini Mtwara, huingia ndani yake, humtoa mtoto mgongoni na kumpakata, na akishuka humfunga tena. Bajaji imefupisha njia bila kuiondoa nguo.

Nchi zilizotoa kigari nazo zimekuwa zikirudi kwenye nguo. Ann Moore, muuguzi Mmarekani aliyefanya kazi Togo, alipata hataza ya mbeleko yake ya kushonwa 1969, na kumbukumbu za hospitali moja ya Blantyre, Malawi, za watoto zaidi ya 40,000 katika kipindi cha takriban miaka 10, hazikuonyesha hata mmoja aliyetibiwa kwa tatizo la nyonga kutokaa vizuri, jambo ambalo watafiti walilihusisha na kubebwa mgongoni miguu ikiwa imetanuliwa.

Mzazi wa Shangani au Ligula mwenye uwezo anaweza basi kununua kigari cha magurudumu matatu kwa matembezi ya jioni, na asikilipie kabla ya kukisukuma hatua chache mchangani kikiwa na uzito wa mtoto ndani yake. Wa Msimbati na Msangamkuu hana sababu ya kukitamani.