Kutoka Malindi hadi Michigan: Historia Fupi ya Kukokotoa Anga za Juu

Wengi wakisikia habari za kompyuta kuu huwaza utabiri wa mvua. Lakini kompyuta hizo hufanya pia kazi isiyojulikana sana: kukokotoa hali ya thamosifia, yaani hewa nyembamba iliyo juu ya kilomita 100 hivi, ambamo setilaiti nyingi hupita. Insha hii inaeleza kazi hiyo ilikotoka. Hoja yangu ni kwamba kompyuta haikuchukua nafasi ya vipimo, bali ilizidi kuvihitaji.

Tarehe 26 Aprili 1967, setilaiti ya Italia iitwayo San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya. Ilibeba kifaa cha kupima jinsi hewa ilivyoizuia, na kwa njia hiyo wanasayansi wakapata msongamano wa hewa juu ya ikweta. Hata hivyo, kifaa kilipima pale kilipopita tu. Kwingine kote watu walikisia.

Hatari ya kukisia ilionekana mwaka 1979. Jua lilichachamaa kuliko ilivyotarajiwa, hewa ya juu ikapata joto na kutanuka, msuguano ukaongezeka. Kituo cha Skylab kikashuka kabla ya wakati uliotazamiwa, na tarehe 11 Julai vipande vyake vikaanguka Australia Magharibi.

Wakati huo modeli za pande tatu zilikuwa zinazaliwa. Mwaka 1980, Fuller-Rowell na Rees wa University College London walichapisha ya kwao. Mwaka 1981, Dickinson, Ridley na Roble wakachapisha nyingine kutoka NCAR, kituo cha Boulder, Marekani, kinachosimamiwa na muungano wa vyuo vikuu. Kituo hicho kilikuwa na kompyuta ya Cray-1 tangu 1977. Programu iliigawa anga katika vyumba vidogo, ikakokotoa joto na upepo wa kila chumba, kisha ikasogeza saa mbele dakika chache na kuanza tena.

Mwaka 2006, Chuo Kikuu cha Michigan kilitoa modeli ya GITM, iliyoundwa kwa kompyuta zenye vichakataji vingi. Kila kichakataji hupewa kipande chake cha anga, mfano wa wakulima waliogawana shamba, kisha majirani hupashana habari za mipakani.

Faida yake si ndogo. Mwaka 1989, Roble na Dickinson walionyesha kwa hesabu kwamba kaboni dayoksaidi na methani zikiongezeka maradufu, thamosifia itapoa kwa nyuzi 50 hivi, ingawa huku chini kunapata joto. Baadaye, mienendo ya setilaiti ilithibitisha kwamba hewa ya juu inapungua msongamano.

Lakini Februari 2022, setilaiti zipatazo 40 kati ya 49 za Starlink zilipotea muda mfupi baada ya kurushwa, kwa sababu dhoruba ya jua iliongeza msongamano wa hewa. Modeli hutoa jibu zuri ikilishwa vipimo vizuri.

Kwa hiyo, nchi zetu za ikweta zisijione watazamaji. Anga iliyopimwa kutoka Malindi ingali juu yetu, na kuipima ni kazi tunayoweza kuifanya hata kabla ya kumiliki kompyuta kuu.