Amri, Kifagio na Mazungumzo: Historia Fupi ya Mawasiliano katika Mashamba ya Keringet

Stadi za mawasiliano aghalabu hufundishwa vyuoni kama elimu isiyo na kwao: namna ya kusikiliza, kuuliza, kuandika taarifa na kuhutubia. Lakini kila jamii huwasiliana kwa mazoea iliyoyarithi, na mazoea hayo yana historia. Makala haya yanaichunguza historia hiyo katika Keringet na sehemu jirani za Molo, magharibi ya Nakuru, ambako Kiswahili kilistawi kwa kazi ya shamba zaidi kuliko kwa ushairi au elimu ya chuoni.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Baadaye ardhi ya nyanda za juu ilipotengwa kwa walowezi wa Kizungu, walikutana hapo watu wasiokuwa na lugha moja. Walikuwapo Waogiek wa msitu wa Mau na Wakipsigis. Walikuja Wakikuyu waliotafuta malisho na mahali pa kulima. Na juu yao wote alikuwapo mlowezi. Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja baina yao, ila daraja lenyewe lilijengwa kwa kipimo cha upande mmoja.

Ushahidi wa jambo hili unapatikana katika vitabu vya wakati huo. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara ambacho anwani yake iliwataja wasomaji waliokusudiwa: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Kibarua hakutajwa miongoni mwao, ijapokuwa hapana mazungumzo ya shambani yaliyoweza kufanyika bila yeye. Ilhali tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ilikuwa ikisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, nyanda za juu ziliendelea na Kisetla chao.

Wataalamu wengi wameicheka sarufi ya Kisetla: "hapana jua" mahali pa "sijui", "mimi iko" mahali pa "nipo", na ngeli zilizochanganyika. Kicheko hicho kinaficha jambo kubwa zaidi. Lugha yaweza kupungukiwa na ngeli na bado ikawapatanisha watu. Upungufu wa Kisetla ulikuwa katika matumizi. Mlowezi alihitaji hasa kauli za kuamrisha: lete, peleka, ngoja, kuja hapa. Kuuliza maoni, kushawishi, kutaka radhi, yote hayo hayakuwa na haja kwa mtu aliyekuwa na sheria nyuma yake. Sheria ya mwaka 1918 ilimlazimisha skwota kumfanyia mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Maafikiano hayo yaliitwa mkataba. Lakini mkataba wa kweli huhitaji watu wawili wanaoweza kukataa.

Haifai kudhaniwa, hata hivyo, kwamba waliopewa amri walikuwa mabubu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 walowezi walipopunguza kwa nguvu mifugo ya maskwota, watu hao waliiita hatua hiyo "kifagio". Mwanahistoria Tabitha Kanogo amelieleza jambo hili katika utafiti wake juu ya maskwota, uliotolewa mwaka 1987. Neno hilo lastahili kuangaliwa na wanaisimu. Chombo cha nyumbani kimechukuliwa kueleza sera ya dola, na kwa neno moja msemaji amesema nani anafagia, na nani amefanywa takataka. Huo ndio ustadi wa mawasiliano, nao ulitoka kwa watu ambao hakuna kitabu kilichoandikwa kwa ajili yao.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa, na waliokuwa vibarua wakawa majirani wenye ardhi. Ghasia zilizoanza mwaka 1991 zilifika Molo mwaka 1992, na zile za mwaka 2007 na 2008 ziliipiga Kuresoi vikali. Katika siasa za miaka hiyo lilisikika neno "madoadoa", likimaanisha watu walioonekana kuwa wageni. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka neno hilo, pamoja na "kwekwe", katika orodha ya maneno ya chuki. Kifagio, doa na kwekwe ni sitiari za ukoo mmoja, yaani za usafishaji. Tofauti yake ni kwamba ya kwanza ilitamkwa na waliofagiliwa, na nyingine zikatamkwa dhidi ya waliotakiwa kufagiliwa. Wote hao walikisema Kiswahili vizuri kuliko mlowezi. Kwa hiyo ufasaha peke yake si dawa.

Si mbali na hapo, Njoro, chuo kilichoanzishwa mwaka 1939 kuwafundisha vijana wa Kizungu kilimo ndicho leo Chuo Kikuu cha Egerton. Ikiwa shule ya walowezi imeweza kugeuka chuo cha taifa, somo la mawasiliano nalo laweza kugeuka. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Limebaki jukumu la walimu: kumfundisha mwanafunzi kupima neno kwa kuuliza linamweka wapi yule anayeambiwa, na kama limemwachia nafasi ya kujibu.