Jogoo Kwenye Tangi

Kijana alisafiri kutoka Dar es Salaam kuja kuitazama pikipiki yangu, BSA Bantam. Nilimpokea Kashai, hapa Bukoba, tukazunguka nyuma ya nyumba hadi kibandani, nikaiondolea turubai. Aliizunguka mara mbili bila kusema neno. Akapiga magoti, akamulika kwa simu namba iliyogongwa kwenye shingo ya chasisi, akahamia kwenye injini. Alipoinuka, uso ulikuwa umeshanywea.

"Samahani mzee wangu. Hii si orijino. Namba ya injini na ya chasisi hazifanani."

Nilimvutia kigoda akae. Pikipiki ile ilikuwa ya baba yangu, nami nimeijua tangu nikiwa mtoto wa kutumwa spana, kwa hiyo neno lake liliniuma. Lakini sikumlaumu. Amezoea Yamaha, na sheria ya namba ameisoma huko. BSA ya miaka ile ina desturi nyingine. Kiwandani kwao, Small Heath, Birmingham, injini ziligongwa namba kwa mfululizo wake na chasisi kwa mfululizo wake, na zilipokutanishwa hakuna aliyehangaika kuzilinganisha. Mtindo wa namba moja kwa vyote viwili ulikuja karibu na mwisho wa miaka ya 1960. Ukikuta Bantam ya 1955 ambayo namba zake zimelingana tarakimu kwa tarakimu, hiyo ndiyo ya kuitilia shaka, maana kuna mtu ameshika nyundo. Ushahidi wa yangu uko kwenye kadi yake ya kwanza, karatasi iliyobadilika rangi kama jani la mgomba lililokauka. Imeandikwa namba zote mbili kwa wino, nazo ni hizi hizi.

Baba alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha kahawa huko Kamachumu, Muleba. Chama kikuu, Bukoba Native Cooperative Union, kilikuwa kimeanzishwa 1950, na mwaka 1954 bei ya kahawa duniani ikapanda kupita kiasi. Mama alikuwa akiuita mwaka wa mabati, kwa sababu ndipo alipoona majirani wanaacha nyumba za msonge na kuezeka bati. Baba hakuanza na bati. Alisubiri msimu mmoja zaidi, akaagiza pikipiki.

Ilikuja kwa njia ya mizigo yote ya wakati ule: meli hadi Mombasa, reli hadi Kisumu, kisha ziwa. Baba aliipokea gatini Bukoba ikiwa bado ndani ya mbao za kasha. Ilikuwa ya rangi ya kijani hafifu, kijani ya ukungu wa asubuhi, na ubavuni mwa tangi kulikuwa na sehemu ya rangi ya malai. Injini ni ya cc 123, tusitroki, gia tatu. Kifuniko cha tangi kilikuwa na kikombe chembamba chini yake, cha kupimia oili ya kuchanganya na petroli. Bantam ni jina la aina ya kuku wadogo, na kiwanda kilibandika picha ya jogoo kwenye tangi. Kwa hiyo kijijini kwetu hakuna aliyeiita BSA. Iliitwa Enkoko. Watu walisikia mlio wake ukipanda kilima kutoka Muhutwe wakasema, enkoko ya karani inarudi, na wenye kahawa ya kupima wakaanza kujitwisha magunia.

Sasa, huyo jogoo ambaye tunagombania uasilia wake, si Mwingereza kwa kuzaliwa. Jambo hili nililijua nikiwa mtu mzima na lilinikosesha usingizi. Mchoro wake ni wa Mjerumani, Hermann Weber, wa kiwanda cha DKW kule Zschopau, aliyeunda RT125 mwaka 1939. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, washindi wakagawana michoro kama fidia. BSA wakaugeuza kama mtu anayejitazama kwenye kioo, ili kikanyagio cha gia kiwe upande wa kulia walikozoea Waingereza, na 1948 wakaitoa kwa jina la Bantam. Mchoro huo huo ukazaa pikipiki ya Harley-Davidson huko Marekani, ukazaa Moskva kwa Warusi, na 1955, mwaka ule ule baba alipolipa, Yamaha wakatoa pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1, nayo ni mtoto wa RT125.

Mtu wa Bukoba hawezi kusoma habari hiyo bila kukumbuka historia ya mji wake. Kituo cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890 kwa niaba ya Wajerumani. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakakiteka, wakauharibu mtambo wa simu ya upepo. Miaka thelathini baadaye walichukua kwa Mjerumani yule yule mchoro wa pikipiki, wakatuuzia sisi.

Nasimulia haya kwa sababu watu wanalitumia neno orijino kana kwamba ni kitu cha kukata kwa kisu. Pikipiki halisi ya Kiingereza ni nakala ya Kijerumani. Kilichonipasa kutafuta ni kitu kingine: je, hii iliyo mbele yangu imeishi maisha gani, na inayasema kwa ukweli?

Maisha ya Enkoko yalikuwa magumu kuanzia miaka ya 70. Kiwanda kiliacha kutengeneza Bantam mwaka 1971, na BSA yenyewe ikaanguka muda mfupi baadaye. Spea zikakauka. Klachi ya Bantam ina vipande vya koki kwenye sahani zake, na vilipoisha, fundi mmoja wa Nshamba alikwenda parokiani kuomba vizibo vya chupa za divai ya misa. Akavikata kwa wembe, akaviloweka kwenye oili usiku kucha, akavipanga kimoja kimoja. Klachi ile ilishika miaka saba. Mpira wa kukanyagia ulitoka kwenye tairi la lori, kama katambuga. Kifuniko cha tangi kilipotea mwaka 1981, nadhani kilidondoka njiani, na badala yake fundi wa mashine ya kukereza hapa mjini alitengeneza kingine kwa shaba ya bushi chakavu iliyotoka kwenye mashine ya kukobolea kahawa. Hakina kikombe cha kupimia. Tangu hapo baba alipima oili kwa kikombe kidogo cha kahawa, na mama alijua kwamba kikombe kile hakirudi tena mezani.

Kati ya mambo hayo ilipita vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Sisi Muleba tulikuwa mbali na mapigano, lakini hofu haikupimwa kwa kilomita. Watu kutoka ng'ambo ya mto walipita kwa miguu wakiwa na magodoro kichwani. Baba aliilaza Enkoko katikati ya kibanja, kwenye shina la mgomba, akaifunika kwa majani makavu mpaka ikawa kama rundo la mbolea. Upande wa kulia wa tangi una doa ambalo rangi iliungua kwa unyevu wa majani hayo. Ukilisugua kwa kidole unahisi ukwaruzo. Mjomba wangu wa Bunazi hakuwa na muda wa kuficha chochote. Aliporudi 1979 alikuta chasisi ya Honda 50 yake imesimama uani, haina injini, haina magurudumu. Aliitumia kufungia mbuzi.

Baadaye mashine zikaongezeka tena. Wakimbizi wa Rwanda walipofika Ngara mwaka 1994, mashirika yaliyokuja kuwahudumia yalileta pikipiki nyingi za Kijapani za njia mbaya, na makambi yalipofungwa mwishoni mwa 1996 baadhi yake niliziona zikipigwa mnada. Mbili ninazo. Sitazieleza hapa, ingawa ni mashine nzuri.

Watu huniita nikawatazamie pikipiki kuukuu kabla hawajanunua, toka Rwamishenye hadi Kagondo. Siwashi injini kwanza. Injini yoyote inaweza kubembelezwa ikawaka siku ya mauzo. Naanza na bolti. Mashine za Kiingereza za wakati ule zilikazwa kwa nati za vipimo vya inchi, na spana ya milimita haiketi sawasawa juu yake. Ukiona bolti ya kipimo cha Kijapani imelazimishwa kwenye tundu la Kiingereza, ujue palifunguliwa, na mara nyingi utaona uzi wa tundu umeliwa. Hilo si kosa, ni habari. Linaniambia mashine ilikuwa kazini wakati hakuna kingine cha kuikazia.

Kisha natafuta rangi mahali ambapo mchoraji hafiki: chini ya kiti, nyuma ya bomba la shingo, ndani ya mkunjo wa madgadi. Pale rangi ya kiwanda hujificha miaka sabini. Kutu nayo ina umri. Kutu ya kwetu, ya mvua na upepo wa ziwa, inaingia polepole na kuacha vishimo vidogo. Kutu ya wiki mbili inayotengenezwa kwa chumvi ili kitu kionekane cha kale hukaa juu kama unga. Namba nazikagua mwisho, kwa mwanga wa pembeni. Namba ya kiwandani haikunyooka sana, kwa kuwa iligongwa na mkono wa mtu, lakini chuma kinachoizunguka kina sura moja na chuma kingine. Ukiona panang'aa, pamekwaruzwa, pamesawazishwa kwa tupa, funga mkoba urudi nyumbani.

Udanganyifu unaonikera zaidi siku hizi ni wa Honda CG125. Honda waliitoa katikati ya miaka ya 70 kwa ajili ya nchi kama zetu, injini ya kusukuma valvu kwa fito, inayovumilia oili iliyochelewa kubadilishwa. Viwanda vya China viliinakili, na nakala hizo ndizo zilizobeba bodaboda za kwanza za Kichina hapa, hata kabla ya Serikali kutoa kanuni za pikipiki za abiria mwaka 2010. Siwezi kuzikashifu; zimesomesha watoto wa mtaa huu. Lakini kuna watu wanachukua chasisi ya CG ya zamani, wanaweka injini ya Kichina, wanabandika nembo, wanauza kama Honda ya mzee fulani. Usiangalie nembo. Injini ya Honda imegongwa CG125E, kisha namba. Ya Kichina utakuta 156FMI: silinda moja, upana wake milimita 56, inapozwa kwa hewa, ya pikipiki, ya cc 125. Mashine yenyewe imesema jina lake, ila mnunuzi hakuinama kusoma.

Kwa hiyo mimi hugawa matengenezo mara mbili. Kuna matengenezo ya safari, na kuna matengenezo ya mnada. Koki ya divai ya misa ni ya safari. Namba iliyogongwa upya ni ya mnada. Niliwahi kwenda Nairobi kutazama Africa Concours d'Elegance, mashindano ya magari na pikipiki yaliyoanza 1970, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Waamuzi wanainama, wanachungulia injini, rangi, hata chini kabisa, na kutoa alama. Niliwaheshimu sana kwa uangalifu wao, na nilitamani kungekuwa na jedwali moja zaidi, la kumpa alama fundi aliyeiweka mashine barabarani wakati kiwanda kimeshakufa.

Kijana alinisikiliza mpaka chai ikapoa. Akaligusa tangi upande wa kushoto, penye mbonyeo mkubwa unaokata mkia wa jogoo. "Na hili, mzee? Hili ningelinyoosha, nikapiga rangi upya, ingekuwa kama jana."

Nikamwambia ni tetemeko. Jumamosi, Septemba 10, 2016, alasiri, ukubwa wa 5.9. Watu walikufa mjini hapa, na ukuta wa matofali wa kibanda changu cha zamani ukaiangukia Enkoko. Jirani yangu aliyenisaidia kuifukua alikuwa bado hajajua kama mama yake yuko hai. Alikuwa hai. Mbonyeo ule nimeupaka oili usishike kutu, basi.

Aliomba ruhusa kupiga picha, nikamruhusu. Hakuuliza bei tena.

Mwezi uliofuata akanitumia kifurushi. Ndani mlikuwa na kifuniko cha tangi cha Bantam, chenye kikombe chake cha kupimia oili, kipya, cha kuigiza, kwa maana huko Uingereza wapo wanaotengeneza spea hizi hadi leo. Kinafunga vizuri kuliko cha shaba. Nilikivalisha siku tatu. Siku ya nne nilimwita mtoto wa mdogo wangu, ambaye najaribu kumrithisha kazi hii, nikampa daftari la Enkoko aandike: kifuniko kipya, cha kuigiza, zawadi, na tarehe. "Baba mkubwa, nacho tunakiweka wapi?" akauliza. Tukagonga alama ndogo ya nukta mbili kwa ndani, ili asije mtu baada yetu akakiuza kama cha 1955, tukakifunga kwenye gazeti na kukiweka kabatini pamoja na kadi. Kisha akarudisha kile cha shaba ya mashine ya kahawa, akakikaza kwa kiganja, akapiga kiki.