Ukoo wa Virusi vya Mafua

Homa ya mafua ilipangwa kwanza mahali pasipo pake. Mwaka 1892 Mjerumani Richard Pfeiffer alitangaza kwamba ugonjwa huo huletwa na bakteria aliowakuta katika makohozi ya wagonjwa. Bakteria hao wangali wanaitwa Haemophilus influenzae, ingawa si wao wanaoleta mafua. Janga la 1918 liliua mamilioni ya watu huku madaktari wengi wakiwa bado wanawasaka bakteria hao.

Mwaka 1931 Richard Shope wa Marekani alionyesha kuwa mafua ya nguruwe huambukizwa kwa majimaji yaliyopita kwenye kichujio kinachozuia bakteria. Miaka miwili baadaye, mjini London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walikipata kirusi cha binadamu kwa kuwaambukiza fereti, wanyama wa jamii ya vicheche.

Mwaka 1940 Thomas Francis alipata kirusi kingine cha mafua ambacho kingamwili za kile cha kwanza hazikukitambua. Cha kwanza kikaitwa A, hiki kikaitwa B. C ilifuata katika miaka ya 1940 hiyohiyo. D, ambayo makao yake hasa ni ng'ombe, ilianza kujulikana kwa nguruwe wa Oklahoma mwaka 2011.

Herufi hizo hutegemea protini za ndani ya kirusi, ambazo hazibadiliki ovyo. Aina A hugawanywa tena kwa protini mbili za juu: hemaglutinini, yaani H, inayokishikiza kirusi kwenye seli, na neuraminidasi, yaani N, inayoviachilia virusi vipya viondoke. Zamani H ya nguruwe na H ya binadamu ziliandikwa kwa alama tofauti hata zilipokuwa za kundi moja. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani liliziweka zote katika mfululizo mmoja wa namba bila kujali mnyama, uamuzi wa busara kubwa, kwani virusi hivi huvuka kutoka ndege hadi nguruwe hadi mtu. Kwa hiyo A/Hong Kong/1/68 (H3N2) husomeka hivi: aina, mahali, namba ya sampuli, mwaka, kisha kundi dogo.

Lilibaki swali zito zaidi: mafua ni ndugu wa virusi gani? Kwa muda mrefu virusi vilipangwa kwa magonjwa yake, vya mapafu huku, vya neva kule. Mpango huo ulimfaa daktari, lakini uliwatenganisha ndugu na kuwachanganya wasiohusiana. Mwaka 1962 André Lwoff, Robert Horne na Paul Tournier walipendekeza kirusi kitazamwe chenyewe: kina DNA au RNA, ganda lake lina umbo gani, kina utando wa nje au hakina. Kamati ya kimataifa ya majina ya virusi iliundwa Moscow mwaka 1966. Mwaka 1971 David Baltimore aliongeza kigezo cha jinsi kirusi kinavyotengeneza RNA ya ujumbe. Mafua yaliangukia kundi la tano, la RNA hasi, ambayo seli haiwezi kuisoma mpaka inakiliwe kwanza. Katika aina A na B imekatika vipande 8.

Faida ya mpango huu mpya inaonekana wazi nchini Kenya. Mwaka 1960 kirusi kilipatikana katika kupe wa ng'ombe kwenye msitu wa Thogoto, karibu na Nairobi. Huenezwa na kupe, na kondoo wenye mimba huharibikiwa mimba kwa sababu yake. Kwa dalili pekee, hakuna ambaye angekiweka karibu na mafua. Lakini RNA yake ni hasi, nayo imekatika vipande 6, na kimeng'enya chake cha kunakili kinafanana na cha mafua. Leo kimo pamoja na mafua katika familia ya Orthomyxoviridae, kikiwa na jenasi yake, Thogotovirus, sambamba na Isavirus, jenasi ya kirusi kinachowaua samaki aina ya samoni.