Kundi L, kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika 2019

Kundi L lilikuwa na Uganda, Tanzania, Lesotho na Cape Verde. Timu mbili za juu zilifuzu fainali za Misri. Uganda ilijihakikishia nafasi mapema na kumaliza na pointi 13.

Vita kubwa ilikuwa ya nafasi ya pili. Baada ya Tanzania kufungwa 1–0 na Lesotho mwezi Novemba 2018, timu hizo zililingana kwa pointi 5. Machi 24, 2019, Tanzania (Taifa Stars) ya kocha Emmanuel Amunike iliichapa Uganda 3–0 jijini Dar es Salaam, kwa mabao ya Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris. Lesotho ilitoka sare tasa na Cape Verde huko Praia. Hivyo Tanzania ikarejea fainali baada ya miaka 39.