Alama mbili za kulinda njia ya nyumbani

Wadau, leo tuache programu mpya turudi nyuma kidogo. Chukua mtu wa Manyatta, kule Embu, mwaka 1999. Akimwandikia barua pepe ndugu yake wa Nairobi anayetumia kampuni nyingine ya intaneti, barua ilipanda setilaiti, ikashuka ng'ambo, ikapanda tena ndipo irudi Kenya. Zaidi ya kilomita 140,000, kwa watu wanaotenganishwa na saa chache za matatu! Na gharama ya setilaiti ililipwa kwa dola.

Novemba 2000 kampuni hizo, chini ya chama chao TESPOK, zilifungua kituo cha KIXP jijini Nairobi ili zibadilishane data hapa hapa. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki yake ya kipekee ya mawasiliano ya kimataifa imeingiliwa (eti kimataifa, ilhali shabaha ilikuwa data isitoke nchini). Tume ya CCK ikakifunga Desemba. Kilirudi Februari 2002, kikiwa na leseni, na kampuni tano.

Leseni ilikuwa nusu tu ya kazi. Katika vituo vya namna hii, kila ruta hutangazia jirani zake kwa BGP anwani inazoweza kufikia, na kila tangazo hubeba orodha ya namba za mitandao lilikopitia. Ukimtangazia jirani njia ulizopewa na mwingine, mizigo ya watu itapita kwako, na bili ya setilaiti ni yako.

Dawa yake ni rejeksi, zile alama tunazotumia kusaka maandishi:

^$

Mwanzo, mwisho, katikati hakuna kitu. Orodha tupu maana yake njia imezaliwa kwangu. Tangaza hizo tu. Mteja mwenye namba yake, tuseme 64500, huongezwa kwa ^64500$. Ukisahau ile $, umeruhusu kila kitu kilicho nyuma yake, hata dunia nzima.

Stephen Kleene alipochapisha hesabu hizi mwaka 1956 alikuwa akiwaza mishipa ya fahamu. Ken Thompson akazitia kwenye kihariri cha maandishi miaka ya 1960. BGP yenyewe ilizaliwa 1989.

Lakini rejeksi hii husoma njia, haisomi anwani. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom, namba 17557, ilitangaza anwani za YouTube kana kwamba ni zake. PCCW ya Hong Kong ikazipitisha, na YouTube ikapotea kwa karibu saa mbili. ^17557$ ingeliruhusu tangazo hilo bila swali. Kwa hilo inahitajika orodha ya anwani za kila mteja, na siku hizi saini za RPKI.